Asiyejua Kwao Hatajua kwa Wenziwe

Iko desturi katika shule zetu nyingi ambayo yatupasa kuitazama upya. Saa ya somo la jamii ikifika, mwalimu huandika ubaoni majina ya makabila, na mbele ya kila jina huandika chakula chake, vazi lake na ngoma yake. Watoto hunakili. Siku ya pili huulizwa, nao hujibu kwa sauti moja: hawa hula ndizi, hawa hufuga ng'ombe, hawa huvaa lubega. Aliyejibu sawasawa hupewa alama ya vema, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Lakini kengele ya mapumziko ikilia, mtoto yule yule aliyepata alama zote humcheka mwenzake kwa kuwa hutamka "r" mahali pa "l". Humwita mshamba. Naye huyo huyo, mama yake akimsemesha kwa lugha ya babu mbele ya rafiki zake, huona haya akajifanya hasikii. Basi amejifunza nini? Amejifunza orodha. Hakujifunza kuwaheshimu watu, wala hakujifunza kujiheshimu mwenyewe.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu walimu, ambao aghalabu wana watoto wengi darasani na vitabu vichache. Twayasema kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kutengenezwa na walimu peke yao. Vifaa vya somo hili haviuzwi dukani. Viko jikoni mwetu, mifukoni mwetu, viwandani, bandarini, mashambani, na katika vichwa vya wazee wetu. Kwa hiyo makala hii inawahusu wanachama na wafanyakazi kadiri ile ile inavyowahusu walimu, maana wao ndio wazazi wa watoto hao, na wao ndio wenye vifaa hivyo.

Tulikotoka

Shule ya kikoloni haikuona haja ya kumfundisha mtoto habari za kwao. Ilitaka makarani, wakalimani na wasaidizi. Mtoto alisoma wafalme wa Uingereza na mito ya Ulaya, na alipofikia habari za nchi yake mwenyewe aliambiwa kwamba zinaanza siku mgeni wa kwanza alipotia nanga. Mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kwamba katika maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe, au kwamba ule tuliokuwa nao ulikuwa wa kuonewa haya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka.

Tangu wakati huo mitaala imebadilika mara nyingi. Masomo ya historia, jiografia na uraia yameunganishwa, yakatenganishwa, yakaunganishwa tena kwa majina mbalimbali. Na katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hayo ni mema. Lakini mtaala ni maandishi, nayo maandishi huishia mlangoni mwa darasa. Yale yanayotendeka ndani ya dakika arobaini, kati ya mwalimu na watoto, ndiyo yatakayoonyesha kama tumetoka katika shule ile ya zamani au tumebadilisha majina tu, tukaweka orodha ya makabila mahali pa orodha ya wafalme.

Tunapendekeza hapa masomo matano. Hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kila moja laanza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika, kukisikia au kukiuliza nyumbani kwake, na kutoka hapo latoka nje mpaka kwa jirani, mpaka kwa taifa, mpaka kwa ulimwengu. Hiyo ndiyo njia yetu: kwanza kwao mtoto, kisha kwa wenziwe.

1. Neno moja ubaoni

Mwalimu aandike ubaoni neno moja tu: mtu. Kila mtoto aende nyumbani akaulize jinsi neno hilo linavyotamkwa katika lugha ya babu na bibi yake, arudi nalo kesho. Msukuma ataleta munhu. Mhaya ataleta omuntu. Mchaga ataleta mndu, Mnyakyusa umundu, Mmakonde munu. Yaandikwe yote, moja chini ya jingine. Hapana haja ya mwalimu kuhubiri umoja siku hiyo. Watoto watauona wenyewe kwa macho yao, kwamba maneno haya ni watoto wa baba mmoja.

Huenda katika darasa hilo yuko mtoto wa Kimasai, au Mjaluo, au Mwiraqw, na neno lake halifanani na mengine hata kidogo. Mwalimu asilipite haraka kama kwamba limeharibu somo. Alifurahie, maana limefungua mlango mwingine. Katika nchi yetu yenye makabila zaidi ya 120 zimo lugha za Kibantu, za Kinailoti na za Kikushi. Tena wako Wasandawe na Wahadzabe, ambao husema kwa sauti za kidoko, sauti ambazo watu wachache sana duniani wanazo. Ni nchi chache mno za Afrika ambamo lugha za asili mbalimbali hivi hukaa pamoja. Mtoto aliyekuwa akiona haya kwa lugha ya kwao sasa anakuwa ndiye mwenye jambo ambalo darasa zima linataka kulijua.

Wiki inayofuata somo ligeuzwe. Watoto waandike majina ya vitu ishirini vya nyumbani na shuleni, kisha mwalimu awaonyeshe vilikotoka. Meza, bendera na leso ni maneno ya Kireno. Gari na chapati yametoka Uhindi. Kitabu ni Kiarabu, dirisha ni Kiajemi, shule na hela ni Kijerumani, baiskeli ni Kiingereza. Nayo ikulu, nyumba ya mkuu wa nchi, ni neno lililotoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mtoto ataelewa kwamba Kiswahili hakikukua kwa kuwafukuza wengine, bali kwa kupokea na kuyapa maneno ya wageni sura yake. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kuwa ameteleza akasema neno la lugha ya mama yake inaziba mlango uliomwingiza ikulu.

2. Sarafu mfukoni

Nyumba nyingi zina sarafu za zamani zilizosahauliwa katika kikopo, au zinazochezewa na watoto. Mwalimu aombe ziletwe, na akumbuke kuzirudisha. Pengine itapatikana senti hamsini yenye sungura, au senti ishirini yenye mbuni, au shilingi yenye mwenge: hizo ni za mwaka 1966, mwaka Benki ya Tanzania ilipofunguliwa na nchi ikaanza kutoa fedha yake yenyewe. Kwa nini mwenge? Watoto waulize nyumbani. Watarudi na habari ya Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha mwenge na bendera kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961.

Ikipatikana shilingi ya zamani zaidi, yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba upande wa pili, mwalimu aulize: sarafu hii ilikuwa ya nani? Na ikipatikana hela ya Wajerumani, ambao tangu mwaka 1904 waligawanya rupia moja kuwa hela mia, aulize: babu wa babu yako aliitakia nini hela hii? Jibu ni kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, nayo ndiyo iliyomlazimisha mkulima aliyekuwa na chakula chake kutafuta fedha, ama auze mazao, ama aende akafanye kazi katika shamba la mgeni. Kipande kidogo cha shaba kinaweza kumweleza mtoto ukoloni ulivyoingia ndani ya nyumba ya mtu, kuliko kurasa kumi za tarehe.

Kisha mwalimu asirudi mbele. Arudi nyuma zaidi. Zamani sana kabla ya mfalme huyo na kabla ya rupia, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika kisiwa cha kaskazini mwa nchi ile, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi. Zilifikaje huko? Hakuna ajuaye kwa yakini. Watoto na wabishane, wafungue ramani, watafute njia ya pepo za kaskazi na kusi. Wakimaliza ubishi wao, hawataamini tena kwamba historia ya pwani yetu ilianza na mgeni.

3. Jani la mkonge

Wafanyakazi wa Tanga, Korogwe na Morogoro hawahitaji kuelezwa mkonge ni nini. Lakini watoto wao wanaupita njiani kila siku, wala hawajui kwamba jani lile ni kitabu kizima. Mwalimu aliweke mezani, aanze.

Mmea huu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, Marekani. Katika miche elfu moja iliyopakiwa, 62 tu ilifika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yalizuka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa katani, hata mwaka 1964 mavuno yakafikia kiasi cha tani 230,000. Hapo jiografia imekwisha fundishwa: mmea, hali ya hewa, bandari, soko.

Sasa ije jamii. Ni nani aliyelima? Walitoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni na Wabena wa kusini, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kazi yake ikaandikwa katika kipande. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwakusanya watu hao, nayo watu wakaiita Silabu. Mtoto aulize maana ya mtu kuitwa kwa namba badala ya jina lake. Aulize pia: watu hao, waliolala katika kambi moja na hawakuwa na lugha moja, walizungumzaje? Walizungumza Kiswahili. Lugha ya taifa hili haikuenezwa na shule peke yake. Ilienezwa na misafara ya wapagazi, na reli, na kambi za mkonge, na ilienezwa na wafanyakazi.

Halafu waulizwe wazee kwa nini mashamba yale yalisinyaa. Mmoja atasema ni kamba za nailoni zilizoshusha bei katika soko la dunia. Mwingine atasema ni uongozi wa mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Mwalimu asiogope majibu mawili. Mtoto anayejifunza kupima maneno ya watu wawili wanaojua anafunzwa uraia.

Kila mahali pana jani lake. Kilimanjaro na Kagera ni kahawa. Usukumani ni pamba. Unguja na Pemba ni karafuu. Kwa mtoto wa Kurasini au Temeke jani lake ni bandari. Na aambiwe kwamba mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma kudai ujira bora, na mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, ukawaunganisha wafanyakazi wa makabila mengi miaka saba kabla ya TANU kuzaliwa. Huenda babu wa mmoja wa watoto hao alikuwamo.

4. Utani

Hapa ndipo tunapoomba walimu watue mzigo wakae, kwa maana hapa pana hekima ambayo wenzetu wengi duniani hawana.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, vita ambavyo hakuna aliyeshinda. Leo Mhehe na Mngoni ni watani. Wanyamwezi walipita katika nchi ya Wazaramo na misafara yao ya pembe na nguo, miaka nenda miaka rudi. Nao leo ni watani. Mtoto aulize nyumbani: sisi watani wetu ni akina nani? Tangu lini? Kwa sababu gani? Kisha darasa lichore ramani, na mistari ivutwe kutoka watu hawa hadi watu wale. Watakapoitazama ramani hiyo wataona kwamba mingi ya mistari hiyo imefuata njia za vita vya zamani au njia za misafara. Wazee wetu walichukua mahali palipokuwa na damu au mashaka, wakapanda kicheko.

Lakini mwalimu asiishie katika vichekesho. Awaulize watoto: kuna tofauti gani kati ya utani na dhihaka? Watoto watapata jibu wenyewe wakiongozwa vema. Mtani ana haki ya kukucheka kwa sababu nawe una haki ya kumcheka yeye. Mtani huchukua kitu chako, nawe kesho huchukua chake, wala hakuna anayekasirika. Na siku ya msiba mtani ndiye anayefika akashika jembe, akachota maji, akapika, akawachekesha waliofiwa, hata akajilaza kaburini akidai apewe chochote ndipo atoke. Kicheko chake kina malipo, na malipo yake ni kazi.

Basi yule mtoto anayemcheka mwenzake uwanjani kwa sababu ya lafudhi yake, je, siku ya msiba atakwenda kumchotea maji? Kama hatakwenda, hana haki ya kucheka. Hiyo ndiyo sheria ya utani, nayo mtoto wa miaka tisa huielewa upesi kuliko hotuba yoyote ya kumkataza ukabila.

5. Mzee mbele ya darasa

Katika miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini wakiwa na daftari zao. Waliwatafuta wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakaandika maneno yao. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya vita vile yalikuwa maneno ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Wanafunzi hao walileta maneno ya waliopigwa risasi. Kama wangengojea miaka ishirini zaidi, wangekuta makaburi.

Sisi nasi tuna saa yetu, nayo inakwenda. Kijana aliyekuwa na miaka 18 bendera ilipopandishwa mwaka 1961 amekwisha pita umri wa miaka themanini. Waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 ni wazee. Wasichana walioingia kazini katika kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968 ni mabibi. Kila mwaka twawazika wengi, na kila mmoja huenda na yale ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika. Hili si jambo la kuahirishwa mpaka bajeti ipatikane.

Njia yake ni nyepesi, ila ina adabu zake. Kwanza mzee aombwe, asiitwe tu. Pili watoto waandike maswali mapema, nayo yawe ya mambo yaliyoonekana kwa macho: ulilipwa shilingi ngapi? Mlikula nini kazini? Nani alikupikia? Ulisikiaje habari ya Uhuru, na ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Swali la namna hiyo hufungua kinywa, ilhali swali la "eleza umuhimu wa Uhuru" hukifunga. Tatu, jambo moja liulizwe kwa wazee wawili, tena mmoja awe mwanamke, kwa kuwa historia iliyosemwa na wanaume peke yao ni nusu. Nne, maneno yao yaandikwe katika daftari litakalobaki shuleni, ili darasa la miaka kumi ijayo lilikute.

Mzee akisema mambo machungu, asinyamazishwe. Yako mambo ya biashara ya watumwa ambayo yanawahusu wageni, na yako yanayowahusu watu wetu waliowauza wenzao. Yako mambo ya miaka ya 1973 hadi 1976, wananchi walipohamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Mtoto asiyesikia mambo haya kwa mzee anayempenda atayasikia mahali pengine, kwa mtu mwenye nia yake.

Wenye mashaka watasema

Watakuwapo watakaosema: mtihani hauulizi habari za utani wala za bibi yangu. Ni kweli kwamba mtoto hana budi kufaulu mtihani. Lakini mtoto aliyeshika hela mkononi akaijua kodi iliyoileta hatasahau ukoloni aulizwapo. Aliyekariri tarehe husahau siku mbili baada ya mtihani. Masomo haya hayaji mahali pa yale yaliyoamriwa. Ndiyo njia ya kuyafundisha.

Wengine watasema: kuwauliza watoto makabila yao ni kuamsha ukabila uliolala. Hofu hiyo ina heshima yake, maana nchi hii ilifanya kazi kubwa ili mtu asipewe wala asinyimwe kazi kwa kabila lake. Lakini ukabila hauamshwi na kujua. Huamshwa na kutokujua kukichanganyika na dharau. Orodha ya ubaoni, isemayo kwamba hawa ni wachoyo wa hivi na hawa ni hodari wa vile, ndiyo yenye hatari, kwa sababu humpa mtoto kibandiko cha kumbandika mwenzake kabla hajamjua. Somo la neno "mtu" na somo la utani hufanya kinyume chake.

Wako pia watakaodhani kwamba kufundisha utamaduni ni kusifu kila kilichofanywa na mababu. Sivyo. Ukeketaji wa wasichana uliitwa mila, na sheria ya mwaka 1998 ikaukataza kwa walio chini ya miaka 18. Mtoto afundishwe kuuliza juu ya kila desturi: inamlinda nani, na inamuumiza nani? Atakayejifunza kuuliza hivyo ataweza kushika lililo jema bila kuburutwa na lililo baya. Utamaduni unaochezwa mbele ya wageni kwa njuga na manyoya, kisha ukafungiwa kabatini mpaka mgeni mwingine aje, haumfunzi mtoto kitu.

Kazi yetu sisi

Sasa twarudi kwa wanachama na wafanyakazi, ambao ndio tuliowaandikia.

Mzazi akiulizwa swali na mtoto wake jioni, asiseme "niache, nimechoka." Dakika kumi za kumweleza jina la babu yake, alikozaliwa na kazi aliyofanya zatosha. Asiyejua amwulize mjomba au shangazi kwa simu; siku hizi sauti yaweza kuhifadhiwa ndani ya simu hiyo hiyo, ikabaki hata mwenyewe akiondoka.

Wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa viwanda na wa mashamba, kupitia matawi ya vyama vyao, wajitolee saa moja kwa muhula kwenda katika shule iliyo karibu, wakiwa na vyombo vyao vya kazi mikononi. Fundi chuma aende na nyundo yake, mshonaji na kanga yake, kuli mstaafu na kumbukumbu zake. Mtoto akimwona mfanyakazi amesimama mahali pa mwalimu, atajifunza siku hiyo jambo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba kazi ni elimu, na mwenye kazi ni mtu wa kusikilizwa.

Nao walimu waanze na lililo jepesi. Hawana haja ya kungojea waraka. Kesho asubuhi chaki iko, ubao uko, na neno "mtu" lina herufi tatu tu. Hata darasa la watoto tisini si kikwazo katika somo hili, kwa kuwa watoto tisini ni nyumba tisini, na nyumba tisini ni mashahidi mia na zaidi ambao hakuna maktaba inayo.

Wahenga walisema mkosa mila ni mtumwa. Tungependa kuongeza kwamba ajuaye mila zake peke yake hajawa huru bado. Amebakiza hatua moja, ya kuvuka uwanja wa shule na kumwuliza mwenzake: kwenu mnasemaje? Tuwafundishe watoto wetu swali hilo mapema, wangali wadogo, na wazee wa kuwajibu wangali hai.